Bati lililopita mikono minne: barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Masasi. Mimi ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wangu wengi hawalijui hata jina langu. Wananiita Mama Bati. Nauza mabati, saruji, misumari, nondo kidogo, bawaba, vitasa, na rangi pale rangi inapopatikana. Nimesajiliwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, nina mashine ya risiti, na ritani yangu, yaani taarifa ya kodi, inafika kila mwezi kabla ya tarehe 20. Natanguliza hayo ili usidhani unasoma barua ya mkwepa kodi aliyekosa usingizi.

Mbele ya duka langu kuna benchi. Mafundi hukaa hapo kusubiri kazi, bodaboda husubiri mizigo, na wafanyabiashara wenzangu hupita jioni wakishafunga. Kwa miezi mingi sasa wimbo wa benchi hilo ni mmoja: VAT ifutwe, serikali ichukue asilimia tatu au nne ya mauzo, kila mtu alipe na akalale. Mimi nilikuwa wa kwanza kuuitikia. Nilisema hadharani, mbele ya watu wazima, kwamba VAT iliundwa na watu ambao hawajawahi kukaa kaunta. Ikabidi siku moja nikae na kalamu, na tangu siku hiyo nikisikia wimbo huo nanyamaza. Nakuandikia kwa sababu nasikia pia watu wakubwa wameanza kuuimba, na nadhani utatuumiza sisi wa Kusini kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na hiyo hesabu. Bati linaloezekwa kijijini Nanyumbu halifiki huko kwa kuruka. Yupo aliyeliingiza au kulitengeneza Dar es Salaam. Yupo wa jumla aliyelinunua kwake. Nipo mimi Masasi. Yupo mwenye duka dogo kijijini anayechukua mabati kumi kumi na kuyapeleka kwa Fuso. Hiyo ni mikono minne. Ukituwekea kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo bila kupunguza ile iliyokwisha kulipwa nyuma, kila mkono utaikata, na kila mkono utaikata juu ya bei ambayo tayari ina kodi ya mkono uliotangulia. Piga mwenyewe: 3.5 mara nne, kodi juu ya kodi, inakaribia asilimia 15. Hapo sijaweka faida ya mtu yeyote wala nauli. Mtu wa Dar anayenunua bati lile lile mlangoni kwa mtengenezaji anakuwa amelipa asilimia 3.5, basi. Kodi hiyo inayoitwa rahisi inahesabu mikono, na sisi huku ndio tulio mwisho wa mikono.

VAT haihesabu mikono. Bati lipite kwa mmoja au kwa sita, kodi iliyomo ni asilimia 18 ya bei ya mwisho, kwa sababu kila mmoja, kabla ya kupeleka kodi aliyokusanya, anapunguza humo ile aliyokwisha kulipa aliponunua. Ndiyo maana wataalamu waliachana na kodi ya mauzo tuliyokuwa nayo zamani wakaleta VAT Julai 1998, enzi hizo ikiwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Aliyeianzisha ni Mfaransa, Maurice Lauré, mwaka 1954, na leo zaidi ya nchi 160 duniani zinaitumia. Marekani ni kati ya wachache waliobaki nje. Wao majimbo yao mengi yanatoza kodi ya mauzo kwa mnunuzi wa mwisho tu. Sisi hatuwezi kuwaiga kwa sababu ukiweka kodi yote kwenye mkono wa mwisho, mkono wa mwisho huku ni mama mwenye genge na kijana mwenye toroli. Nani atamfuata huyo hadi Chipuputa?

Kuna ubaya mwingine wa asilimia ya mauzo, huo hata benchi wanauelewa nikiwaonyesha mfuko wa saruji. Kwenye saruji sina faida. Naiuza kwa sababu mtu akija kuchukua saruji atachukua na misumari. Tuseme nauza mfuko 18,000 na ninachobakiza ni shilingi 500. Asilimia 3.5 ya 18,000 ni 630. Yaani nimebeba, nimepanga, nimefagia vumbi, na mwisho wa siku nimeongeza 130 kutoka mfukoni mwangu. Jirani yangu mwenye saluni, ambaye mauzo yake karibu yote ni kazi ya mikono yake, asilimia hiyo hiyo haimgusi hata ukucha. Wenzetu wadogo wanaolipa kodi ya mapato kwa makadirio, wale ambao mauzo yao hayavuki milioni 100 kwa mwaka, wanaijua hadithi hii vizuri. Wa juu kabisa katika kundi hilo wanakatwa 3.5 ya mauzo, faida iwepo isiwepo. Kwa mtu mdogo nakubali, kwa sababu kumwambia atunze vitabu vya hesabu ni kumfungia duka. Lakini kuuchukua mtindo huo na kuufanya ndio mfumo wa nchi nzima, hapana.

Na sisi watu wa Kusini tunazijua kodi rahisi kuliko mtu yeyote. Rahisi kuliko zote ilikuwa ya Mjerumani: rupia 3 kwa kila kibanda, kuanzia 1898. Haikuwa na ritani, haikuwa na mashine, haikuwa na cha kurejeshewa. Una paa, lipa. Huna pesa, kafanye kazi. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vikawaka kwenye vilima vya Umatumbi, pale Nandete, Kilwa. Chanzo kikubwa kilikuwa pamba ya kulazimishwa, lakini kodi nayo ilikuwemo kwenye kapu la maudhi. Baada ya uhuru tukaendelea na kodi ya kichwa kwa vipindi na kwa majina mbalimbali mpaka ilipofutwa 2003. Marehemu baba alikuwa na stakabadhi zake kwenye mkebe wa biskuti, akizitunza kama cheti cha ndoa, kwa sababu ukikutwa njiani bila hiyo karatasi siku hiyo imekufa. Kodi rahisi, kila mwanaume kiasi kimoja, tajiri na fukara. Halafu juzi tu, Julai 2021, ikaja tozo ya miamala ya simu. Hiyo nayo haikuhitaji mhasibu: ukituma pesa, inakatwa, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Miezi miwili haikupita ikapunguzwa asilimia 30, na ikaendelea kupunguzwa kwa kelele za watu. Mimi nilikuwa napokea pesa za mabati kwa simu. Kwa wiki chache zile watu walirudi kufunga noti kwenye kanga na kuzisafirisha kwa basi.

Sitaji hata ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Haya, nimeshautaja. Ni kodi nyepesi mno kukusanya: meli iko bandarini Mtwara, mzigo unajulikana, mlipaji anajulikana. Lakini mnunuzi anayekuja mnadani ameshaupiga hesabu kabla hajataja bei yake, na mkulima aliye Tandahimba anaulipa bila kupewa risiti. Mwaka 2018 sehemu iliyokuwa ikirudi kwenye zao lenyewe ilipoondolewa na zote kupelekwa Mfuko Mkuu wa serikali, wabunge wa Kusini walisimama bungeni wakasema hadi sauti zikakauka. Kodi kuwa rahisi kwa anayekusanya hakumaanishi ni nyepesi kwa anayelipa. Hilo tu.

Sasa, Mheshimiwa, usifurahi mapema. Nimeitetea VAT ilivyoandikwa. VAT inayofika Masasi ni kitu kingine.

Nikuonyeshe bati moja. Nalinunua Dar kwa 25,000, VAT 4,500, jumla nalipa 29,500. Naliuza 30,000, VAT 5,400, mteja ananipa 35,400. Nilichokusanya 5,400, nilicholipa 4,500, napeleka serikalini tofauti ya 900. Mkononi nabaki na 5,000, ambazo ndizo nitoe nauli ya lori, kodi ya fremu, umeme na mshahara wa kijana anayepanga mabati. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Msimu mmoja nilinunua mzigo kwa muuzaji wa jumla Kariakoo ambaye simtaji. Nikalipa 29,500 kwa kila bati, zote kupitia benki. Risiti ikatoka ya 11,800. Nikamwambia kijana wa kaunta, mwanangu, umekosea. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtazama mgeni wa jiji, akasema: "Mama, bei hiyo ndiyo ya risiti hiyo. Ukitaka risiti kamili bei ni nyingine." Lori lilikuwa limeshaegeshwa, wapagazi wameshaanza kupakia, na dereva anataka kuvuka Nangurukuru kabla ya giza. Nikachukua.

Risiti ya 11,800 ina VAT ya 1,800. Hiyo ndiyo pekee niliyoruhusiwa kutoa kwenye ile 5,400 niliyokusanya. Kwa hiyo kwenye bati lile lile nililouza 35,400 nikapeleka serikalini 3,600 badala ya 900. Faida yangu ya 5,000 ikawa 2,300 kabla ya nauli. Na mwaka huo nauli ilikuwa ya kulia, kwa sababu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuwa kimeikata barabara yetu pale Somanga na madereva walikuwa hawajasahau. Kodi aliyoikwepa mtu wa Kariakoo nimeilipa mimi Masasi. Serikali haikupoteza sana, imepata kwangu. Nani atalalamika kwa niaba yangu?

Nikiri kitu hapa, maana barua ya wazi isiyo na aibu ya mwandishi ni hotuba tu. Kabla sijasajiliwa VAT, mimi mwenyewe nilikuwa naipenda bei ya namna hiyo. Nikiambiwa bila risiti ni pungufu kidogo, nachukua bila risiti na kushukuru. Risiti ya nini, wakati siwezi kuitumia popote? Siku nilipoanza kuwasilisha ritani ndipo nilipogeuka kuwa askari wa risiti. Hapo ndipo nilipoelewa akili ya VAT: mnunuzi anamchunga muuzaji bila kulipwa mshahara na serikali. Ule wito wa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti una nguvu pale tu anayedai ana cha kupata. Lakini mlolongo huo ni kama paa. Bati moja likikosa msumari, maji hayaanguki kwa aliyesahau msumari. Yanaanguka kwa aliyelala chini.

Na juu ya hilo kuna jirani. Mtaa wa pili kuna duka kama langu, mauzo yake hayajafika kiwango cha kusajiliwa VAT, kwa hiyo hajasajiliwa. Simlaumu, sheria inamruhusu. Ananunua bati 29,500, anauza 33,000, mteja anaona langu la 35,400 anadhani namwibia. Nimejaribu kuwaeleza wateja kwamba 5,400 siyo yangu. Mzee mmoja kutoka Lulindi akanijibu, "Sasa si uwaambie wenyewe waje kuichukua huko kwao, mimi nataka bati." Nikacheka, nikampunguzia, nikaila hasara.

Hapa ndipo napofika kwenye lile lililonifanya nishike kalamu hasa. Nakuomba hapa usome polepole.

Kiwango cha kusajiliwa VAT kimepandishwa, tangu Julai 2023, hadi mauzo ya milioni 200 kwa miezi kumi na miwili. Tulishangilia. Lakini kuna mkia: au milioni 100 kwa miezi sita. Aliyeandika mkia huo alikuwa anafikiria mji ambao pesa inatiririka mwezi hadi mwezi kama maji ya bomba. Huku kwetu pesa ni mvua. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanashuka kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vyao vya msingi vya ushirika, na kuanzia Novemba mji huu unabadilika. Mtu aliyelala chini ya makuti mwaka mzima anakuja na karatasi ya fundi imekunjwa mara nane: bati 40, kofia 8, misumari ya kuezekea kilo 6, mbao nitapata wapi. Watu wanapanga foleni. Nawaajiri vijana watatu wa ziada. Nafunga saa tatu usiku. Mpaka Januari, nikijaliwa Februari mwanzoni. Halafu kimya. Machi na Aprili naweza kukaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri nimeuza bawaba mbili na nusu kilo ya misumari. Ufuta unatuamsha kidogo kwenye Juni, na mbaazi baadaye, lakini si ya kuezeka nyumba.

Sasa mchukue mwenzangu wa Dar anayeuza milioni 15 kila mwezi, mwaka mzima. Miezi sita ana milioni 90. Mwaka mzima ana milioni 180. Hajafika popote, yuko huru. Mimi miezi sita ya msimu nimeuza milioni 110, na miezi sita ya kiangazi changu nimeuza milioni 45. Mwaka mzima ni milioni 155, pungufu ya yule wa Dar kwa milioni 25. Mimi ndiye niliyeingizwa VAT.

Hakuna aliyekaa akapanga kumuonea mtu wa korosho, hilo najua. Lakini ndivyo inavyotoka. Na si Masasi tu; uliza Newala, uliza Nachingwea, uliza Liwale. Nadhani hata wenzetu wa pamba na tumbaku huko kwao wana hadithi yao. Ombi langu ni dogo hata wino wake ni mchache: kwa biashara za mikoa ya mazao ya msimu, hesabu iwe ya miezi kumi na miwili tu, ule mkia wa miezi sita uondolewe. Anayestahili kusajiliwa atasajiliwa mwaka ukiisha. Hakimbii mtu na mabati mgongoni.

La pili ni lile la risiti pungufu. Nimelipa kwa benki. Namba ya mlipa kodi ya muuzaji ninayo, risiti ninayo, karatasi ya benki ninayo, na tofauti kati ya risiti na karatasi ya benki inaonekana hata kwa mtoto wa darasa la nne. Kwa nini ushahidi huo usitoshe kunipa haki yangu ya kutoa kodi niliyolipa, na serikali imfuate yule ambaye pesa yangu iliingia kwake? Mashine hizi za risiti zipo tangu 2010. Miaka yote hiyo, mwenye kuonekana kwenye mashine ndiye anayebanwa, na mwenye kujificha nyuma ya mashine anasifiwa kuwa ana bei nzuri. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mtoto wa Ruangwa hapa jirani, aliwaendea akakaa nao. Walipofunga tena Juni 2024, ikafuata tume ya Rais ya kuangalia maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Vizuri sana. Lakini sisi tunaonunua Kariakoo hatuna pa kufungia ili tusikike. Nikifunga duka langu Masasi mwezi wa tatu, mtu atagundua mwezi wa kumi.

La tatu nalisema haraka maana linauma. Niliwahi kupeleka mabati kwa taasisi moja ya umma, sitaitaja, ya kuezekea madarasa. Ankara nikaitoa siku ile ile. Kwa sheria, VAT inahesabiwa tangu ankara inapotoka au mzigo unapopokelewa, bila kusubiri pesa iingie. Tarehe 20 ya mwezi uliofuata nikailipa kutoka kwenye mtaji wangu. Pesa ya mabati nikaipata baada ya miezi saba. Yaani serikali ilinidai kodi ya pesa ambayo serikali yenyewe ilikuwa haijanilipa. Kwenye benchi nilipoisimulia hiyo, hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa na yake. Anayeiuzia taasisi ya umma aruhusiwe kulipa VAT siku anayolipwa.

Najua utaambiwa na washauri wako kwamba ukianza kutoa vipengele, kodi inaharibika. Wana haki, na mimi nitawaongezea nguvu. Misamaha mingine inadanganya. Mwaka 2018 taulo za kike zilisamehewa VAT, na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa kwa sababu bei dukani haikushuka. Aliyefaidi hakuwa binti. Na mazao ghafi yamesamehewa, watu wanapiga makofi, lakini kusamehewa siyo sawa na kutozwa asilimia sifuri. Anayeuza kwa asilimia sifuri, kama msafirishaji nje, anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye gharama zake. Aliyesamehewa harudishiwi kitu. Chama cha msingi kinachojenga ghala la kuhifadhi mbaazi kinanunua mabati kwangu na VAT yake, na haitoki tena. Inazama kwenye bei ya mkulima. Akina mama wanaobangua korosho nyumbani Newala wananunua vifungashio na umeme vyenye VAT, hawajasajiliwa, hawana pa kuidai. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ndefu ya vitu vya kusamehe, mwulize kwanza nani ataubeba mzigo uliobaki ndani.

Na viwango viwili ni shida nyingine. Bajeti ya 2025/26 imeleta asilimia 16 kwa mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa benki au mtandao, na 18 ibaki kwa taslimu. Nia naielewa, mnataka pesa ionekane. Ila simama kaunta kwangu mwezi wa Novemba. Mzee amelipwa korosho zake kupitia benki, ametoa zote dirishani kwa sababu kijijini kwake fundi hataki simu, anataka noti. Anafika kwangu na noti, namtoza 18. Nyuma yake yuko mwalimu mwenye simu janja, namtoza 16. Bati moja, siku moja. Mzee akiniuliza kwa nini, nimjibu nini? Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, VAT yao ni asilimia 16 kwa wote, na wateja wanaovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala wanajua kulinganisha. Kama 16 inawezekana, naomba iwe ya kila mtu, na fidia yake itafutwe kwenye zile risiti za 11,800.

Utaona sijaomba VAT ifutwe. Ghana waliileta Machi 1995 kwa asilimia 17.5, wananchi wakaingia barabarani mwezi wa Mei, ikaondolewa. Wakairudisha 1998 kwa asilimia 10, watu wakaizoea. Malaysia waliiondoa ya kwao mwaka 2018 na kurudi kwenye kodi ya mauzo na huduma. Kila nchi na benchi lake. Mimi wa kwangu nimewaambia hivi: mkiidai asilimia tatu ya mauzo na mkapewa, msije dukani kwangu kulalamika bati limepanda, maana nitawatolea ile hesabu ya mikono minne niliyoibandika nyuma ya mlango. Kijana mmoja wa bodaboda ameshaipiga picha.

Kama unakuja Kusini kujionea, tafadhali usije Novemba. Novemba kila mtu atakwambia biashara ni nzuri, na itakuwa kweli. Njoo wiki ya pili ya Aprili, kwenye saa tano asubuhi. Nitakuwepo, na nafasi kwenye benchi itakuwepo. Leta na yule aliyeandika ule mkia wa miezi sita, nimuonyeshe daftari la mauzo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Bati
Masasi, Mtwara